Kabla hujamuachia dada wa kazi mtoto wako, muulize haya

Likizo ya uzazi kwa sheria yetu Tanzania ni siku 84, mapacha 100, na mama yeyote wa Dar aliyejifungua anajua zinavyokimbia. Wiki ya kumi unaanza kupiga simu kwa shangazi Singida, kwa mama mkwe, kwa dalali wa wadada, na yeyote atakayesema "yupo binti hapa" unamtumia nauli ashuke Mbezi. Mimi nilifanya hivyo, nikampokea binti stendi usiku, asubuhi nikaenda kazini nikamuachia mtoto wa miezi mitatu na hata jina la baba wa huyo binti silijui. Namshukuru Mungu mtoto hakudhurika, ila siku ile sikufanya kazi yoyote, nilishinda naangalia simu tu. Kwahiyo tafuta mapema, ukiwa bado una angalau wiki tatu za kukaa nae humo humo ndani.

Anza na umri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Najua kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia 14, lakini kushinda peke yako na kichanga, unakibeba, unakilisha, unakihangaikia kikiumwa, hiyo sio kazi nyepesi hata kidogo, usimpe mtoto akulelee mtoto. Omba kitambulisho cha NIDA au namba yake, kama hana basi cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakotoka. Na ongea na wazazi wake mwenyewe kabla hajapanda basi, wajue anaenda kwa nani na anakaa wapi, maana kuna mabinti wanatolewa kijijini mzazi kaambiwa anaenda kusoma cherehani.

Sasa kwenye maongezi yenyewe. Ukimuuliza "unaweza kulea?" atakujibu ndio, kila mtu anajibu ndio. Muulize alichokuwa anafanya. "Mdogo wangu, kule ulikokuwa mtoto alikuwa wa umri gani? Hebu niambie siku yako kuanzia ulivyoamka." Aliyelea kweli atakwambia vitu vidogo vidogo, kwamba yule mtoto alikuwa halali mpaka abebwe mgongoni, kwamba uji wa moto alikuwa anaukataa, ambaye hajawahi ataishia kusema nilikuwa naosha vyombo na kumuogesha mtoto, basi.

Halafu mpe mambo yanayotokea. Mtoto ameungua na uji, unafanyaje? Wengi watakwambia anapakwa dawa ya meno au unga wa ngano, na wala sio wao tu, hata sisi tumelelewa hivyo, ila kinachotakiwa ni maji safi ya kawaida yamtiririkie palepale kama dakika 20 huku unanipigia simu. Mtoto ameshikwa na degedege? Asimuwekee kijiko mdomoni, amlaze kiubavu, atoe vitu vya kumuumiza pembeni, aite jirani mkimbizwe hospitali. Mtoto wa miezi mitatu anaonekana ana kiu? Hapewi maji, maziwa ya mama yanatosha mpaka miezi sita.

Asipojua haya usimfukuze, atafundishika kwa siku mbili. Mimi naogopa zaidi anayejifanya anajua. Na swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: mtoto kashiba, kakauka, hana homa, na bado analia saa zima, wewe utafanyaje? Akikwambia nitambeba, nitamtoa nje, nikichoka nitamlaza sehemu salama nipumue kidogo nikupigie, huyo anajijua. Akisema anamfinya kidogo anyamaze, mpe nauli yake ya kurudi siku hiyohiyo.

Bosi wake wa zamani mpigie wewe, usiridhike na maneno ya dalali. Muulize moja tu, angerudi leo ungempokea? Sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Ila sikiliza na upande wa binti kwa heshima, kuna wanaoitwa wezi kwasababu tu walidai mshahara wa miezi minne.

Kisha mkalishe na mtoto nusu saa wewe ukiwa hapo hapo. Ananawa mikono bila kuambiwa? Anamsemesha au anamshika tu kama mzigo? Simu ikiita anamuweka mtoto juu ya kitanda na kuondoka? Mimi nusu saa hii naiamini kuliko maswali yote.

Na wewe useme ukweli wako. Mwambie mshahara, tarehe ya kulipwa, anapolala, siku yake ya kupumzika kila wiki, na likizo yake ya siku 28 kwa mwaka, na muandikishane. Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 60,000 kwa anayelala kwako na 120,000 kwa anayerudi kwake, cha sasa kaulize ofisi ya kazi, ila kama uwezo unao usiishie kwenye kima cha chini. Kumpima UKIMWI kwa lazima sheria ya 2008 hairuhusu. Na tafadhali, kama umemtaka wa mtoto basi awe wa mtoto, ukimuongezea kufua mashuka ya nyumba nzima na kuchota maji jua mtoto ndo atakaeachwa peke yake karibu na ndoo bafuni.

Wiki ya kwanza shindeni wote. Ya pili toka kwa muda wa saa moja, kesho yake masaa matatu, siku nyingine rudi mapema bila kuaga, na jirani unayemuamini awe anapita kusalimia. Jikoni bandika karatasi yenye namba yako, ya baba, ya jirani, ya boda anayejua kwenu, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Jumatatu asubuhi kabla hujatoka muwekee salio.