Kuwawekea watoto Major Payne bila kujuta

Kwanza tukubaliane kitu kimoja, hii muvi wengi wetu tuliiona utotoni, mwingine kibanda umiza mwingine mkanda wa kuazima kwa jirani, so kichwani imebaki kama katuni fulani hivi, meja mwenye jino la dhahabu na kale kacheko kake ka ajabu, basi. Ukija kuiweka leo sebuleni na wanao wamekaa ndo unashtuka, kheee, kumbe kuna bunduki na matusi humu! Ni ya 1995 na kwao Marekani iliwekwa PG-13, maana yake mzazi wa mtoto chini ya miaka 13 ajiangalie mwenyewe. Mi kwangu miaka 10 fresh ila ukiwa umekaa nao hapohapo, wa chekechea mlaze kwanza.

Kabla hujabonyeza play waambie jina. Payne linatamkwa sawasawa na neno la Kiingereza la maumivu, yaani ni Meja Maumivu, usipowaambia hilo nusu ya utani unapita hivihivi. Halafu waeleze kwa nini jamaa yuko shuleni, maana watoto wanauliza. Huyu ni mwanajeshi wa vita hasa, kaachishwa jeshi kwa sababu karukwa kwenye kupandishwa cheo, hakupata uluteni kanali, na kwa kule jeshini ukirukwa mara mbili ndo bai bai. Anajaribu upolisi, anapewa zoezi la kutuliza ugomvi wa mume na mke na yeye anamshushia kipigo yule mwigizaji wa kuwa mume 😂. Ndo anatafutiwa kazi ya kufundisha vijana wa JROTC shule ya Madison, Virginia. Hiyo JROTC usiwaambie ni JKT, siyo kabisa, ni mafunzo ya kijeshi yanayofanyika ndani ya shule za sekondari, Marekani wanayo tangu 1916, mwanafunzi anavaa gwanda na kupiga kwata lakini si askari. Ukishaeleza hivyo mtoto anaelewa muvi nzima inachekesha wapi: mtu anayejua vita tu kakabidhiwa watoto.

Sasa rimoti iwe mkononi sehemu tatu. Ya kwanza ni mwanzo kabisa, vita vya porini, askari kajeruhiwa anaugulia, Payne anamwambia ana ujanja wa kumsahaulisha maumivu halafu anamvunja kidole. Ukiona wanao waoga peleka mbele, hupotezi kitu kikubwa. Ya pili ni usiku Tiger, yule mdogo kuliko wote, anaogopa dude lililoko kabatini, Payne anachomoa bunduki anamimina risasi kabatini. Inachekesha mno siwezi kudanganya, mimi nacheka kila mara, ila ni bunduki chumbani kwa mtoto so sema neno hapo. Ya tatu hata usiruke, ni pale mzee wake Alex, yule kijana kinara wa wanafunzi, anapokuja shuleni amelewa na kumfanyia ukali mwanae mbele za watu. Wenzangu wanaiharakisha hiyo, mi naona waache waione, ndo hapo watoto wanagundua Payne na ukali wake wote siye mbaya wa hii stori.

Ile hadithi ya kulala nayo usiikate. Kuna hadithi ya kitoto ya Kimarekani ya treni ndogo inayopanda mlima huku ikijiambia nitaweza, sasa Payne anaanza kumsimulia Tiger vizuri tu, dakika moja mbele treni imeingia vitani watu wanakatika viungo. Damon Wayans, ndo anayeigiza Payne, anaisema bila kucheka hata kidogo, hapo unaona kipaji.

Kama yupo bibi au babu hapo sebuleni mchokoze na hii: Major Payne imetengenezwa upya kutoka muvi ya 1955, na meja wa kwanza alikuwa Charlton Heston, yule yule aliyekuja kuwa Musa kwenye Amri Kumi mwaka uliofuata. Na wale waliokua wakiangalia Fresh Prince, ile komedi ya kwenye TV, watamshtukia Emily, mshauri wa wanafunzi pale shuleni, ni Karyn Parsons, Hilary mwenyewe.

Mwisho, mashindano ya kijeshi ya shule, Alex kaumia na Tiger ndo anaongoza kwata. Hapo usiongee, usipokee simu, acha waangalie.

Ila ikiisha tu, kabla hata hamjainuka, piga marufuku ile ya kidole. Nilisahau. Nilikuwa naosha vyombo nasikia mkubwa anamuuliza mdogo wake aliyejigonga goti, "unataka nikuoneshe ujanja wa kusahau hayo maumivu?" nilitoka jikoni mbio na sabuni mikononi.