Mwanao na baleti: kuanzia viatu vya kwanza hadi programu ya kiangazi ng'ambo

Programu ya kiangazi ya baleti huko Marekani au Ulaya huchukua wiki 2 hadi 6, nyingi zikiwa kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Agosti. Mtoto hucheza siku 5 au 6 kwa wiki, saa 4 hadi 6 kila siku. Aliyezoea saa 6 kwa wiki nyumbani anajikuta ghafla kwenye saa 25. Wiki ya 2 muundi unaanza kuuma, wiki ya 3 amekaa pembeni na barafu mguuni. Nafasi ilipatikana, ada ikalipwa, tiketi ikakatwa, lakini mwili haukuandaliwa. Maandalizi hayo huanza mwaka mmoja kabla, na kazi kubwa ya mzazi ni kuhakikisha hakuna anayemharakisha mtoto, yeye mwenyewe akiwemo.

Kagua sakafu kabla ya kulipa ada

Sakafu ya baleti ni ya mbao zilizoinuliwa juu ya fremu ili zibonyee kidogo mtoto anapotua, na juu yake hutandikwa zulia la vinyl lisiloteleza. Simama katikati ya ukumbi, inuka juu ya vidole, kisha jiangushe kwa visigino. Sakafu nzuri inalia kama ngoma na mshindo unaishia chini. Sementi, terazo na vigae vinakurudishia mshindo wote hadi magotini. Madarasa mengi kwetu yako kwenye kumbi za kanisa au za shule zenye sementi. Mtoto wa miaka 6 anayecheza mara moja kwa wiki hatadhurika ikiwa mwalimu anapunguza miruko. Wa miaka 11 anayeruka siku 4 kwa wiki yuko kwenye hatari kubwa ya kuumia. Wazazi wanaweza kuchangishana wakanunua mbao na kujenga jukwaa la kuinuka. Fedha hizo zina faida kuliko mavazi ya onyesho.

Saa za mazoezi ziongezeke kwa umri. Miaka 6 hadi 8, mara moja au mbili kwa wiki, dakika 45 hadi 60. Miaka 9 na 10, mara 2 au 3. Kuanzia 11, kwa anayetaka kwenda mbali, mara 4 au 5 za dakika 90.

Wewe usiyejua baleti bado unaweza kuona jambo moja muhimu kuliko yote. Miguu inapogeuzwa nje, mgeuko huo lazima utoke nyongani. Mwangalie mtoto anapokunja magoti: kila goti liende juu ya kidole cha pili cha mguu wake. Goti likiangukia ndani na upinde wa wayo ukilalia sakafuni, analazimisha kwa nyayo, na anayelipia ni goti na kifundo. Mwambie mwalimu. Mwalimu anayejibu kwamba mtoto ajikaze tu azoee, muulize tena, na jibu likiwa lile lile, hama.

Viatu vya pointi

Hivi ndivyo viatu vya kusimamia ncha za vidole, na ndipo haraka huleta madhara makubwa. Mifupa ya wayo haijakomaa utotoni, na umri wa kuanza kwa kawaida ni miaka 11 au 12, baada ya angalau miaka 2 au 3 ya darasa la mfululizo. Umri peke yake hautoshi. Mtoto apime haya akiwa peku:

Aketi mguu umenyooka, auchongoe wayo. Mgongo wa wayo na muundi viwe mstari mmoja. Asimame kwa mguu mmoja na kuinua kisigino mara 20 bila kupinda goti wala kifundo kuyumba. Kisha ajifanye ndege: mguu mmoja chini, kiwiliwili mbele, mguu wa pili nyuma, akunje goti lililosimama mara 5 huku mikono ikishuka kugusa sakafu. Goti libaki sawa juu ya wayo angalau mara 4 kati ya 5. Akishindwa, miezi 6 ya kuimarisha misuli huenda ikamfikisha. Hajachelewa hata kidogo.

Jozi ya kwanza ipimwe ana kwa ana na mtu anayejua. Sisi tumezoea kumnunulia mtoto kiatu cha shule kikubwa kidogo ili akikulie. Kiatu cha pointi hakina nafasi ya kukulia: akiteleza ndani, uzito wote unakwenda kwenye kidole gumba na ukucha unakufa. Akisimama wima vidole viwe vimenyooka, visijikunje. Akipanda juu ya ncha, uweze kubana kitambaa kidogo tu nyuma ya kisigino. Leotadi (vazi la kipande kimoja linalobana kiwiliwili) na taiti za mtumba kutoka Gikomba au Karume ni sawa kabisa. Viatu vya pointi vya mtumba visiguswe, maana soli yake imeshavunjika kwa kufuata upinde wa mguu wa mtu mwingine.

Ribini mzazi ndiye hushona, angalau mwaka wa kwanza. Jozi moja inahitaji kama mita 2.25 za ribini, zikatwe vipande 4 sawa. Kunja kisigino cha kiatu kwa ndani hadi kilale juu ya soli. Pale mkunjo unapokutana na ubavu wa kiatu, weka alama kwa penseli. Ribini ikae juu ya alama hiyo, ikiinama kidogo kuelekea mbele. Kunja ncha yake mara mbili, shona pande zote kwa uzi mnene au uzi wa kusafishia meno, ambao haukatiki upesi. Shona kwenye bitana tu, sindano isitokeze kwenye satini, wala isipite kwenye ile kamba nyembamba ya kukazia, kwani ukiishona haitavutika tena. Ncha zilizobaki huru zipitishe karibu na kiberiti ziyeyuke kidogo, zisichambuke. Fundo lifungwe upande wa ndani, kwenye kibonde kati ya kifundo na kano ya kisigino. Fundo likikaa juu ya kano, litaichubua na kuivimbisha.

Kichwa cha kiatu kimetengenezwa kwa kitambaa, karatasi na gundi, na jasho ndilo linalokiua. Huko Mombasa, Zanzibar au Dar, unyevu wa hewa humalizia kazi. Baada ya darasa toa pedi za vidole, fungua kiatu wazi, kitundike penye upepo, si juani na kamwe si ndani ya mfuko wa plastiki. Jozi moja hudumu kama saa 10 hadi 20 za kucheza, na bei huanzia dola 80 hivi, mara nyingi zaidi. Akiwa na jozi mbili za kupokezana, kila moja ikapata siku nzima ya kukauka, zote hudumu zaidi. Usinunue akiba ya jozi 5: mguu utakua kabla hajazimaliza.

Kuhusu rangi: waridi la zamani lilikusudiwa kufuata ngozi ya Wazungu, ili mstari wa mguu usikatike. Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la wachezaji weusi lililoanzishwa New York mwaka 1969, lilianza miaka ya 1970 kuvalisha wachezaji wake taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao, na mwaka 2018 kampuni ya viatu ya Freed of London ilianza kuuza viatu vya kahawia ikishirikiana na Ballet Black, kundi la baleti la London la wachezaji weusi na wenye asili ya Asia. Usipovipata, paka fandesheni inayolingana na ngozi ya mtoto kwa sponji kavu, tabaka jembamba, na uiache ikauke. Uliza mapema kama programu inadai waridi.

Kuchagua na kuomba

Usaili wa programu za Marekani mara nyingi hufanyika Januari hadi Machi, na watoto wa mbali hutuma video. Mtoto wa miaka 10 au 11 wiki 2 zinamtosha, tena karibu na nyumbani ikiwezekana. Programu za wiki 5 za kulala huko ni za miaka 12 au 13 kwenda juu. Chagueni 3 au 4 tu, kwa sababu kila ombi lina ada, na ukipewa nafasi utatakiwa kulipa fedha za awali zisizorudishwa, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kwa wiki 5 pamoja na malazi, zaidi ya dola 5,000 ni jambo la kawaida, bila nauli. Omba ufadhili ndani ya ombi lenyewe, usisubiri baadaye. Wavulana hupewa ufadhili mara nyingi zaidi kwa kuwa ni wachache. Mfano wa mvulana aliyefika mbali ni Joel Kioko wa Nairobi, aliyeingia shule ya English National Ballet, London, mwaka 2017.

Jina kubwa lisikupumbaze. Angalia mtindo. School of American Ballet ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1934, hufundisha mtindo wa mwanzilishi wake, George Balanchine, wenye kasi kubwa; mtoto aliyelelewa kwenye mitihani ya Royal Academy of Dance, taasisi ya Uingereza, ataona hata mikono inashikwa vingine. Hilo ni zuri kwa mwenye msingi imara, na linamchanganya mwenye msingi mchanga. Uliza pia: darasa moja lina watoto wangapi? Kuna mtaalamu wa fiziotherapia? Nani analala bwenini na watoto, na mtoto akiumwa usiku anampigia nani? Programu isiyojibu swali hili la mwisho kwa maandishi, iache.

Video hurekodiwa kwa simu iliyogeuzwa kwa upana, juu ya kitu kisichotikisika, usawa wa kiuno. Vidole vya miguu na mikono visitoke kwenye picha hata mara moja; hili ndilo kosa linalowaangusha wengi, maana mwamuzi anatafuta miguu na anaona kapeti. Ukuta uwe mtupu, dirisha liwe nyuma ya anayerekodi. Leotadi isiyo na mapambo, bila sketi. Rasta zifungwe kisogoni zikikazwa kwa wavu na pini, nyembamba iwezekanavyo, kwani rundo zito humvuta kichwa anapozunguka. Nywele za asili zilainishwe kwa maji na jeli kidogo, zisivutwe hadi ngozi ya paji iume. Fuateni orodha ya mazoezi iliyotumwa na shule, neno kwa neno. Picha na video zitumwe kwenye mfumo wa shule pekee. Mtoto aliyevaa leotadi asiwekwe hadharani mtandaoni.

Kalenda na karatasi

Muhula wa 2 Kenya huendelea hadi karibu mwanzo wa Agosti, kwa hiyo programu ya wiki 5 inamla mtoto wiki 5 za masomo. Ongea na mwalimu mkuu mapema, na mwaka wa mtihani wa taifa usijaribu kabisa. Tanzania likizo ya Juni hupunguza pengo hilo lakini haliishi.

Pasipoti ibaki na zaidi ya miezi 6. Viza iombwe mara barua ya kukubaliwa inapofika. Iandikie shule iseme kwa maandishi ni viza ya aina gani inahitajika, kwa sababu Marekani hutofautisha mgeni anayesoma kidogo na mwanafunzi wa saa nyingi. Mzazi asiyesafiri aandike barua ya ridhaa na kuipeleka kwa wakili aithibitishe. Bima isomeke wazi kwamba inagharimia majeraha ya michezo.

Wiki 10 za mwisho

Ongeza takriban saa moja kila wiki. Mwenye saa 8 atafika 17 hivi katika wiki ya 9. Wiki ya 10, kabla ya ndege, punguza hadi nusu. Dakika za pointi ziongezwe kivyake, 10 kila mara. Akiwa amerefuka ghafla miezi hiyo, simamisha ongezeko: mifupa imekimbia, misuli inaifukuza.

Maumivu ya misuli ya pande zote mbili yanayoisha siku ya pili ni kazi. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayouma hata usiku, huenda ni ufa wa mfupa. Aache kucheza, aonwe na daktari.

Chakula kisipunguzwe. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 za kalisi (kalsiamu) kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake na maziwa vinasaidia sana. Saa 2 kabla ya darasa uji mzito au viazi vitamu, katikati ndizi na karanga, na ndani ya saa moja baadaye ugali au wali na maharage au samaki. Neno "mnene" lisitamkwe nyumbani, hata kwa utani wa shangazi. Binti aliyekuwa akipata hedhi akikosa miezi 3 mfululizo, mpeleke hospitali. Mara nyingi mwili unasema chakula hakitoshi, na mifupa inadhoofika kimya kimya.

Sandukuni: jozi 3 za viatu vya pointi zilizoshonwa na kulainishwa tayari, taiti 6, sindano na uzi, plasta za malengelenge, na kucha zikatwe fupi na moja kwa moja siku 3 kabla.

Akiwa huko, piga simu kwa saa mliyokubaliana. Muulize amekula nini na amelala saa ngapi kabla ya kuuliza amewekwa kundi gani. Wiki ya kwanza wengi hulia, hasa waliozoea kuwa wa kwanza darasani kwao. Akirudi, apumzike wiki nzima bila viatu vya pointi, kisha arudie darasa kwa nusu ya saa zake za zamani, na ribini zote zikaguliwe kabla hajazifunga tena.