Una nyumba ya mawe ya urithi Mikindani? Ifanye makumbusho, ila anzia hapa

Jamani wenye nyumba za urithi huku kwetu Mikindani, Lindi mjini mpaka Kilwa, zile za mawe zenye matao na milango ya nakshi ambazo watu wanaziita nyumba za Kiarabu, kabla hamjauza kiwanja nisikilizeni. Nyumba inaweza kuwa makumbusho na bado ikabaki ya familia.

Kwanza kikao cha ukoo. Wote, na shangazi aliyeko Dar mpigieni simu, muandikishane na kila mrithi aweke saini. Sisi tulianza kwa maneno ya mdomo tu, kazi ikasimama mwaka mzima.

Afu nenda halmashauri kwa afisa utamaduni akuelekeze kwa watu wa malikale, yaani wale wa serikali wanaosimamia mambo ya kale. Hii usiiruke, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na mlango au fremu ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 nayo inalindwa hata kama nyumba yenyewe ni ya juzi, kwa hiyo yule anayekuja na hela taslimu anataka mlango tu mwambie hapana.

Piga picha kila chumba kabla hujagusa kitu.

Sasa ukuta, hapa ndo wengi tunaharibu. Fundi alitupigia plasta ya simenti ukuta wa mbele, ikapendeza kweli, mvua za msimu mmoja tu ukigonga kwa kidole unasikia kuna uwazi kwa ndani, mara kipande kizima kikadondoka na jiwe la matumbawe nyuma yake limeshakuwa unga, ukionja ni chumvi tupu. Nililia siku ile. Jiwe la matumbawe linanyonya maji, chokaa inaacha unyevu utoke, simenti inaufungia ndani pamoja na chumvi yake mpaka jiwe linaoza.

Kwa hiyo tumia chokaa. Ile iliyochomwa ukiimwagia maji inachemka, inaunguza macho na ngozi, watoto wakae mbali kabisa. Iache ilale wiki kadhaa chini ya maji iwe laini kama uji mzito, halafu changanya fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, na mchanga wa pwani usiutumie hivi hivi kwa sababu ya chumvi. Ukishapiga plasta funika kwa magunia yaliyolowa siku kadhaa, jua la huku likiipata mapema inapasuka. Anza mvua zikiisha, kuanzia Mei hivi, mpaka Novemba uwe umemaliza.

Halafu usivunje kuta za ndani eti upate ukumbi mkubwa. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, na huo ukuta unaotaka kuutoa ndo umezibeba. Chunguza vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani, chokoa kwa kisu, kikizama basi mchwa au maji yameshafika. Ukitaka kuona jengo la zamani lililookolewa nenda kaitazame Boma ya Mikindani, Wajerumani waliijenga 1895, baadaye ikakarabatiwa ikawa hoteli.

Vitu vya kuonyesha usinunue. Kinu cha bibi, mbuzi ya kukunia nazi, mkeka, sanduku, viache palepale vilipokuwa vinatumika, na karatasi fupi ya Kiswahili ieleze kilikuwa cha nani. Wageni wataulizia Livingstone, kweli alipita Mikindani 1866, mjibu, ila nyumba yako ina watu wake. Mkalishe mzee barazani, mrekodi kwa simu akieleza nani alilala chumba kipi na harusi ya nani ilifanyika uani, hayo mgeni hawezi kuyapata kwingine.

Kwa kuanzia fungua siku mbili kwa wiki, wanafunzi wa hapo hapo waingie bure, na kila shilingi ya kiingilio iandikwe kwenye daftari ambalo ndugu yeyote anaweza kulifungua akaangalia.