Ukija kuiona Namungo, njoo Ijumaa uondoke Jumatatu

Ratiba ya Ligi Kuu ikitoka tu na Simba au Yanga wamepangwa kwenda Ruangwa, mkoani Lindi, kucheza na Namungo, simu yangu haipumziki. Binamu zangu wa Dar wote wana swali moja: "Dada, tukija na kurudi palepale si inawezekana?" Inawezekana. Hata muhogo mkavu unamezeka bila kutafunwa, ukiwa na haraka. Ila mtu akishafanya hivyo asije kuniambia kusini hakuna kitu.

Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, Simba wa kuzaliwa, na ndiye ninayechangisha hela ya kosta kila tunapokwenda kwenye mechi. Zamani hatukuwa na shida hiyo. Ndanda, timu ya hapa Mtwara, ilipokuwa Ligi Kuu, tangu msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka 2020, tulikuwa tunakwenda uwanja wa Nangwanda Sijaona kwa miguu, na Wanakuchele wakifunga bao mtu aliyebaki nyumbani anajua kabla redio haijasema. (Wanakuchele ni jina la utani la Ndanda; kuchele ni kumekucha.) Sasa hivi mpira wa kusini uko Ruangwa, uwanja wa Majaliwa, kwa Namungo. Msimu wao wa kwanza tu Ligi Kuu walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, Agosti 2020 kule Sumbawanga, wakafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikawaangukia wao, wakaenda mpaka hatua ya makundi. Siku ya fainali ile nilishangilia ushindi huku nikiwaonea huruma walioshindwa. Wenzangu wa tawini hawajanisamehe.

Haya, safari. Ukitoka Dar panda basi la alfajiri. Ukivuka daraja la Mkapa pale Rufiji anza kubana njaa, usijaze tumbo na biskuti, kwa sababu Somanga wanakuja dirishani na samaki wa kukaanga. Chagua aliye wa moto. Aliyepoa amekwishaonwa na mabasi matatu kabla ya lako. Kama ni masika, ulizia barabara kwanza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo hayohayo ya Somanga na wasafiri wakakwama. Mwenye uwezo kuna ndege ya Dar hadi Mtwara, ila huko juu hakuna samaki.

Shuka Lindi mjini na ulale hapo. Ruangwa gesti zipo, lakini wiki ya Simba au Yanga zinajaa mapema, na ikiwa ni Novemba ndiyo usiseme: wakulima wameuza korosho, hela iko mkononi, kila mtu ana jezi mpya na kila chumba kina mtu.

Jioni ya Lindi ni ya pweza. Teremka kuelekea baharini jua likishapoa, mtafute mwenye sinia na sufuria inayofuka. Angalia mkono wake: anashika mkia mmoja wa pweza, anaukata vipande vyembamba kwa mshazari, kisu hakinyanyuki sana, kila kipande kinaanguka na kijiduara chake cha zambarau pembeni. Unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili ya ndimu. Kipande kikikataa kukatika mdomoni, pweza huyo hakupigwa vya kutosha kabla ya kupikwa. Lipa ulichokula, nenda kwa jirani. Supu omba kwenye kikombe, mwisho. Wanaume watakuambia inasaidia nini. Mimi nainywa kwa sababu ni tamu.

Siku ya mechi, kama inaanza saa 10 jioni, ondoka Lindi saa 3 asubuhi. Njia ni Mingoyo, Mtama, Nyangao, kisha Nanganga ndipo unapoiacha barabara ya Masasi na kuingia ya Ruangwa. Naikazania saa 3 kwa sababu yalitukuta. Mwenye kosta mmoja alichukua pesa yetu, akachukua na ya watu wa harusi, gari hilohilo, asubuhi hiyohiyo. Tulifika dakika ya sitini na tano, mabao yote mawili yameshaingia. Tangu hapo nalipa nusu, nusu nyingine tukishafika uwanjani.

Ukifika, tiketi kwanza, chakula baadaye. Kisha wafuate mama lishe. Uliza kama kuna ugali wa muhogo na kuku wa kienyeji. Kuku huyo anahitaji muda, kwa hiyo agiza, kaa, wasikilize wazee wakigombana kuhusu kikosi. Uwanjani tafuta upande ambao jua liko mgongoni, maana jua la saa 10 likikupiga usoni hutajua nani kafunga. Na ukiwa umekaa katikati ya wenyeji, wakifunga, piga makofi mawili ya adabu.

Usikose ming'oko. Ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, inachemshwa na chumvi, akina mama wanaiuza kwa mafungu. Unaimenya kwa kucha, unatafuna taratibu mechi ikiendelea. Kwangu mimi inaishinda bisi.

Kesho yake njoo Mtwara. Simama Mikindani hata kama ni kwa saa moja: boma la Wajerumani la 1895 liko palepale juu, na chini ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Halafu Feri, soko la samaki, ununue changu mbichi na kumpa mkaangaji wa pembeni. Msimbati kuna ufukwe mzuri kuliko wote, ila usiende na gari dogo. Mchanga wake unameza magurudumu.

Korosho nunua siku ya kuondoka. Onja moja kwanza. Ikikatika kwa mlio, chukua. Ikinyong'onyea kama mkate wa jana, rudisha. Nyeupe nzima ni za zawadi, vipande ni vya kupikia na bei yake ni nafuu. Nimewahi kuona mgeni akilipia vipande bei ya nzima. Alikuwa na jezi ya Yanga, nikanyamaza.

Na ukikosa kabisa tiketi, Mtwara kibanda umiza, cha kuangalizia mechi kwenye runinga, hakikosekani. Wahi benchi la mbele, kwa sababu la nyuma feni haifiki.