Namna ya Kuijaribu Baiskeli ya Milimani Kwenye Miteremko ya Moshi

Mtu anayeishi Moshi na anayetaka kujua ubora wa baiskeli ya milimani hahitaji maabara, kwa kuwa mlima wenyewe humfanyia sehemu kubwa ya kazi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na barabara zinazopanda kuelekea Uru, Kibosho, Machame na Marangu huifikisha baiskeli kwenye mita 1,500 au zaidi kabla ya mpandaji kuuona mpaka wa Hifadhi ya Kilimanjaro. Ndani ya saa chache hukutana na lami, vumbi la volkano lililo laini kama unga, mawe yaliyolegea, na masika yanapoingia, tope linalojaza nafasi yote kati ya tairi na fremu. Kinachokosekana kwa wengi ni utaratibu: hupanda siku moja, hufurahia mteremko, kisha huwaambia wenzao kwamba baiskeli ni nzuri. Neno hilo halimfai mtu ambaye kesho atakwenda kutoa fedha zake.

Anza kwa kuchagua njia moja ya mzunguko ambayo utaitumia kwa kila baiskeli na kila kifaa. Dakika thelathini hadi arobaini zinatosha, mradi njia iwe na mpando mrefu unaokulazimisha kukaa kwenye kiti, mteremko wenye mawe, kona mbili au tatu za vumbi, na kipande cha tambarare. Mimi hutumia njia za pembeni za upande wa Uru, kati ya migomba na mibuni, kwa sababu zina vyote hivyo na kwa sababu watu wa huko wameshanizoea. Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nilipoanza kazi hii ya kujaribu vifaa na kuwaandikia wanunuzi tathmini, nilifunga tairi mpya na usukani mpana siku ileile, na kwa wiki tatu nikausifu usukani kwa utulivu ambao, nilipokuja kurudisha tairi za zamani, niligundua ulitoka kwenye tairi.

Kabla ya kupanda, ikague baiskeli ikiwa imesimama, hasa kama ni ya mtumba kutoka Kiboriloni au kwa muuzaji mwingine. Safisha maungio ya fremu kwa kitambaa chenye maji, kwani ufa mara nyingi hujificha chini ya uchafu, karibu na shingo na pale mirija inapokutana kwenye ekseli ya pedali. Shika breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma, na weka kidole kwenye maungio ya shingo: ukisikia mgongano mdogo, beringi zimelegea au zimekwisha. Tikisa kila gurudumu kulia na kushoto ili kusikiliza habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mnyororo, ambao mafundi wengi huuita cheni, upime kwa rula. Katikati ya pini moja hadi pini ya ishirini na nne inayofuata panapaswa kuwa milimita 304.8. Kipimo kikizidi kwa milimita moja na nusu, mnyororo wa gia kumi na moja au kumi na mbili umefika mwisho. Wa gia chache zaidi unaweza kuvumilia hadi milimita mbili na robo. Mnyororo uliochakaa hula meno ya gia, na gharama ya gia ni mara kadhaa ya ile ya mnyororo.

Angalia pia ukubwa wa rimu. Baiskeli za inchi 29 zina rimu yenye kipenyo cha milimita 622, ilhali baiskeli nyeusi za mizigo zinazoandikwa inchi 28 kwa moja na nusu hutumia milimita 635, kwa hiyo tairi zake hazitakaa hata muuzaji akikuapia. Tathmini inayomsaidia msomaji wa huku humwambia ni tairi gani atazipata dukani na zipi atalazimika kuziagiza.

Shokapu ya mbele irekebishwe kulingana na uzito wako ukiwa umevaa kila kitu utakachopanda nacho, pamoja na mkoba na maji. Sogeza pete ya mpira iliyo kwenye mguu wa shokapu hadi chini, kaa juu ya baiskeli taratibu bila kuruka, ushuke, kisha upime umbali ambao pete imesogezwa. Kwa matumizi ya kawaida ya milimani, asilimia 20 hadi 25 ya mwendo wote wa shokapu, yaani umbali wote inaoweza kuzama, ni mwanzo mzuri. Shokapu yenye mwendo wa milimita 120 itazama kati ya 24 na 30. Tumia pampu maalumu ya shokapu, maana kompresa ya kituo cha mafuta husukuma upepo mwingi kwa pigo moja kiasi kwamba huwezi kuudhibiti. Upepo wa tairi nao uandikwe kwenye daftari, ukipimwa kwa kipimo kilekile kila asubuhi. Anayetumia tiubu asishushe upepo mno: tairi ikigonga jiwe, tiubu hubanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili yaliyolingana, na ukiyaona matundu hayo usiilaumu tiubu. Ukitaka kujaribu dawa ya kuziba matundu, shuka tambarare za kusini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, ambako miiba ya migunga itakupa jibu kabla ya saa sita mchana.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni breki, kwani huku kwetu mteremko hauishi baada ya dakika mbili. Diski na pedi mpya lazima zizoeshwe kwanza: kimbia kwa mwendo wa wastani, shika breki moja kwa uthabiti hadi ukaribie kusimama, achia, na urudie mara ishirini hivi, kisha mara kumi kwa mwendo mkubwa zaidi. Bila hatua hiyo utaandika kwamba breki ni dhaifu wakati hazijaanza kazi. Baada ya hapo weka alama mbili kwenye mteremko, moja ya kuanzia kushika breki na nyingine ya mahali ulipokoma, na ulinganishe umbali huo mwanzoni mwa safari na mwishoni, breki zikiwa za moto. Mkono wa breki unaoanza kusogea karibu na usukani kadiri unavyoshuka ni dalili kwamba mafuta ya breki yanachemka au yana hewa. Mafuta ya aina ya DOT, yaleyale ya breki za magari, hunyonya unyevu taratibu na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Mafuta ya madini, kama yale ya Shimano, hayachanganyiki na maji, hivyo maji yakiingia hukaa chini kwenye kaliper, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, karibu na joto, na huchemka peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo tathmini za Ulaya hazina sababu ya kulitaja. DOT 4 inapatikana katika kila duka la spea za magari, ilhali mafuta ya madini ya breki za baiskeli ni ya kutafuta. Fundi mwenye nia njema anaweza kujaza DOT katika mfumo wa mafuta ya madini, na mipira ya ndani itaharibika. Kwa sababu hiyo, andika aina ya mafuta kwenye mstari wa kwanza wa sehemu ya breki. Pima na unene wa diski: nyingi za Shimano huanza na milimita 1.8 na zinatakiwa kubadilishwa zikifika 1.5.

Helmeti haijaribiwi kwa kuanguka. Kipimo cha CPSC, tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, kinachozihusu helmeti zilizotengenezwa tangu mwezi Machi 1999, huangusha kichwa cha bandia kutoka mita mbili kwenye chuma bapa na kudai mshtuko usizidi 300 g, yaani mara 300 ya mvutano wa dunia. Wewe huna chombo hicho. Kazi yako ni kuangalia lebo ya ndani, iwe CPSC au EN 1078 ya Ulaya, kisha kupima mambo ambayo lebo haisemi: kama helmeti inabaki vidole viwili juu ya nyusi unapotikisa kichwa, kama kamba zinakutana chini ya sikio bila kukata, na kama jasho linaingia machoni baada ya saa mbili za jua la mchana. Helmeti ya mtumba usiinunue wala usiitathmini, kwa kuwa povu lililokwisha kupondwa halirudi hali yake na ganda la juu linaweza kuficha yote. Kinga za magoti zivae tangu mwanzo wa mpando, maana zinazoteleza hadi kwenye ugoko ndizo zitakazoachwa nyumbani. Glavu zinahitaji sentensi mbili tu, moja ya mshono wa kiganja na nyingine ya jasho.

Unapoandika, taja uzito na urefu wako, idadi ya siku ulizopanda, hali ya njia, na kama kifaa ulikinunua au ulipewa. Sifa na kasoro zitaje pamoja na mahali zilipojitokeza: “mnyororo uliruka gia ya pili kwenye mpando baada ya tope” lina manufaa kuliko alama nane kwa kumi. Masika yakiisha, fungua habu ya nyuma mbele ya fundi, tazama kama grisi imekuwa nyeusi na yenye mchanga, geuza gololi moja moja kwenye mwanga kutafuta madoa ya kutu, kisha ongeza ulichokiona chini ya tathmini ya kwanza, ukiiacha ile ya kwanza kama ulivyoiandika.