SOMO: Kizunguzungu, damu kuvilia na ganzi kwa mchangia damu, hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu zangu. Nimekaa miaka mingi kando ya vitanda vya kuchangia damu, na ninachowaomba wachangiaji kuliko kingine chochote ni hiki: ukijisikia vibaya, sema pale pale, hata kama ni kidogo. Wengi hunyamaza kwa aibu. Kuna kijana alinijibu "niko sawa" mara tatu, huku anapiga miayo na kijasho chembamba kimemjaa juu ya mdomo. Alipojaribu kukaa tu, akanilegea mikononi.

Kwanza tuelewane kuhusu kiasi. Mfuko mmoja ni kama mililita 450, kwingine 500. Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 50 ana kama lita tatu na nusu, kwa hiyo mfuko mmoja unamchukulia karibu asilimia 13. Mwenye kilo 80 unamchukulia kama asilimia 8 tu. Ndiyo maana mnapandishwa kwenye mizani, na msichukie mkiambiwa uzito hautoshi.

HATUA YA 1: Kabla ya sindano

Usije na njaa wala ukiwa umekesha. Kunywa maji nusu lita ndani ya nusu saa kabla ya kuanza. Maji hayo hupandisha presha kwa muda, na muda huo ndio tunaouhitaji. Wanaozimia zaidi ni wanaochangia kwa mara ya kwanza, vijana, wanawake, wenye umbo dogo, waoga wa sindano na waliowahi kuzimia. Ukijijua umo, mwambie anayekuhoji. Utalazwa vizuri zaidi na utaangaliwa kwa karibu.

HATUA YA 2: Sindano inapoingia

Mchomo huuma kwa sekunde chache kisha hutulia. Ukisikia maumivu makali yanayoruka kama shoti ya umeme hadi vidoleni, sindano imegusa neva. Usivumilie! Itolewe mara moja, na usikubali mtu aizungushezungushe akitafuta mshipa. Mahali pakivimba, damu inavuja chini ya ngozi: mpira uliofungwa mkononi unafunguliwa, sindano inatoka, panakandamizwa.

Mara chache sana sindano huingia kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo. Utaona damu nyekundu ya kung'aa, sindano inadundadunda kwa kufuata mapigo, na mfuko unajaa kwa kasi ya ajabu, wakati kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 10. Hapo sindano inatolewa na mahali panakandamizwa kwa nguvu dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Kisha mapigo ya kiganjani yanapimwa.

HATUA YA 3: Mwili unapolegea

Hapa ndipo penye kazi. Kuzimia kwa mchangiaji kwa kawaida si kwamba damu imemwishia. Wapo wanaozimia hata kabla ya kuchomwa, kwa kuiona sindano tu. Neva iitwayo vagasi inaupunguzia moyo mwendo, mishipa inapanuka, presha inashuka, na ubongo unapungukiwa damu kwa muda. Ukimshika mkono utakuta mapigo ya polepole.

Dalili huanza mapema, na mara nyingi ya kwanza ni ukimya. Mtu aliyekuwa akiongea anaacha. Anapiga miayo, uso unapauka, jasho linamtoka ilhali ngozi ni ya baridi, kichefuchefu, sauti anazisikia kwa mbali, macho yanaingia kiza.

Wewe mchangiaji, ukianza kuhisi hivyo, mwite mhudumu. Huku unamsubiri, kunja miguu ipishane, kaza mapaja, makalio na tumbo kwa sekunde tano, legeza, kaza tena. Misuli inasukuma damu kurudi juu.

Mhudumu: simamisha uchangiaji, fungua mpira, toa sindano, kandamiza. Kitanda kiwe bapa, miguu ipande juu, nguo za shingoni na kiunoni zilegezwe. Mwite kwa jina, endelea kuongea naye. Akitapika, mgeuze ubavu. Maji usimpe mpaka azinduke kabisa. Wengine hutikisika mikono na miguu kwa sekunde kadhaa, na walio karibu hupiga kelele kwamba ni kifafa. Mara nyingi ni ubongo tu uliokosa damu. Usimbane, usimtie kitu mdomoni. Wengi huzinduka upesi. Asiyezinduka, aliyegonga kichwa, anayelalamika kifua au anayepumua kwa shida, ni wa daktari hapo hapo.

HATUA YA 4: Kuinuka

Kandamiza pamba kwa angalau dakika tano mkono ukiwa umenyooka. Kuukunja kiwiko, kama wengi wanavyopenda, huongeza kuvilia kwa damu. Pumzika dakika 10 hadi 15. Kisha kaa, ning'iniza miguu, subiri kidogo, ndipo usimame. Kuzimia kunaweza kukufuata hata saa kadhaa baadaye, na huko ndiko kunaumiza, kwa sababu hakuna wa kukudaka. Siku hiyo usipande ngazi za kazi wala paa, usibebe mizigo kwa mkono uliochomwa, usinywe pombe, usisimame muda mrefu kwenye jua. Kunywa maji mengi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sista, nimechangia juzi, leo mkono umekuwa wa bluu na inashuka. Damu imeoza?

Hapana kaka, imevilia tu. Damu iliyovuja chini ya ngozi hushuka yenyewe, hivyo alama inaweza kuonekana chini ya palipochomwa. Itageuka kijani, kisha njano, na kwisha ndani ya wiki moja au mbili. Siku ya kwanza weka kitambaa cha baridi. Ukihitaji dawa, meza parasetamo, si aspirini. Rudi haraka kama uvimbe unaongezeka, vidole vina ganzi au vimepoa, au mahali pamekuwa pekundu pa moto na una homa.

Swali: Nilichangia chembe sahani (zile za kugandisha damu) kwa mashine, midomo ikawa inatekenya kama sisimizi wanatambaa. Ni mzio?

Ni sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine. Inashika kalisi (kalsiamu) ya mwilini. Mwambie mhudumu mapema: atapunguza kasi ya mashine na kukupa kalisi. Ukinyamaza, inaweza kufika kwenye misuli kukaza.

Swali: Nimezimia mara mbili kati ya mbili. Niendelee kujilazimisha?

Usijilazimishe, mdogo wangu. Ukizimia mara moja na ukajua ulikuwa na njaa, sawa, jaribu tena. Kwako imejirudia, pumzika. Walete wenzako wachangie, nao watahitaji mtu wa kuwashika mkono.

Swali: Sista, mimi ni mama wa miaka 34, sikosi kuchangia. Miezi hii nachoka sana na natamani kutafuna barafu. Kipimo cha wingi wa damu wanasema kiko sawa.

Mama, hiyo hamu ya barafu isikupite, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma. Mfuko mmoja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma. Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa, lakini chuma huchukua miezi. Wingi wa damu unaweza kusoma vizuri huku akiba ya chuma imekauka, maana ni vipimo viwili tofauti. Huduma nyingi huweka wiki 12 kwa wanaume na 16 kwa wanawake kati ya uchangiaji mmoja na mwingine, na kwa anayepata hedhi nyingi hata hizo huenda zisitoshe. Ruka zamu ijayo, omba upimwe feritini, ndicho kipimo cha akiba ya chuma, na majibu yakitoka yalete hapa tuyasome pamoja.