Jinsi ya kushirikishana furaha, huzuni na maombi kwenye jumuiya, jambo la mtu lisiishie hewani

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Viongozi wengi wapya wa jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikatoliki wanauliza swali lilelile, tufanyeje watu wafunguke? Wanakuja, wanasali, wanatoa sadaka, wanaondoka, halafu siku moja unasikia mwanajumuiya wenu amelazwa wiki ya pili na hamna aliyejua. Mimi naamini watu hawafunguki kwa kuhimizwa, wanafunguka wakiona jambo la mwenzao lilipokelewaje. Mtu anakaa pale kwenye mkeka anaangalia tu, mama fulani alisema ombi lake mwezi uliopita, je kuna aliyemuuliza tena? Au liliishia kwenye Amina? Kama liliishia pale na yeye atanyamaza na la kwake, na ana haki.

Tukumbuke pia kwa nini jumuiya zipo. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliona parokia zimekuwa kubwa mno, mtu anasali Jumapili katikati ya mamia na hajuani na wa pembeni yake, wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo, na mwaka 1976 wakalifanya hilo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Kwa hiyo kujuana shida na raha ndo kazi yenyewe ya jumuiya, michango na matangazo ni mambo ya kusaidia tu. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT wana jumuiya za mitaani na Wapentekoste wengi wana seli zao za nyumbani, mengi ya hapa yatawafaa na wao.

Anza na muda

Jumuiya nyingi zinakutana Jumamosi alfajiri au jioni ya katikati ya wiki, watu wana haraka ya mihangaiko. Linaloua kushirikishana ni mpangilio: wimbo, injili, sala, halafu matangazo, mchango wa ujenzi, mchango wa mavuno, nani hajalipa, na ikibaki dakika mbili ndo mwenyekiti anauliza "kuna mwenye nia yoyote?" huku watu washavaa viatu. Hapo hamna mtu atasema mume wake kaondoka nyumbani. Weka kushirikishana mara tu baada ya Neno, michango ije mwisho kabisa. Kama mnatumia zile hatua saba za Lumko za kusoma na kutafakari Neno pamoja, msiruke hatua ya nne ya kukaa kimya, najua inatia wasiwasi na kuna mtu lazima ataanzisha pambio, mzuieni kwa upole, maana mtu mwenye jambo zito anajikusanya katika ule ukimya, na hatua ya tano ya kushirikishana ikifika anakuwa tayari.

Furaha zitangulie

Tumezoea kuomba tu, na hata anayekuja na furaha anaificha, anaogopa kijicho, anaogopa kuambiwa anaringa, anaogopa kuombwa hela. Ndo maana kiongozi asiulize "nani ana ushuhuda", neno ushuhuda linafanya watu wafikirie lazima kiwete ametembea. Uliza hivi: wiki hii Mungu amekutendea nini nyumbani kwako? Utasikia presha imeshuka, mwenye nyumba kakubali kusubiri kodi mpaka mwisho wa mwezi, mtoto aliyekuwa haongei na baba yake kapiga simu. Hizo ndo zenyewe.

Mtu akisema furaha yake mjibuni kwa furaha, vigelegele vipigwe, ubeti mmoja wa wimbo, na mtu mmoja ashukuru kwa sauti akitaja jambo lenyewe. Msimwambie "usitusahau kwenye ufalme wako", hata kwa utani, maana kesho hatasema tena. Na msimgeuzie mchango papo hapo, sadaka ya shukrani ataitoa mwenyewe moyo ukimtuma.

Kuna jambo moja gumu hapa. Mama analeta kichanga chake kishukuriwe, na pale kwenye kona yupo dada aliyeolewa siku nyingi hajapata mtoto. Usiifupishe furaha ya mmoja kwa ajili ya mwingine ila usijifanye humwoni yule wa pili. Rumi 12:15 inasema "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao", na siku nyingine wote wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja. Kwenye sala ya jumla ongeza sentensi moja, "na wote wanaosubiri, Bwana uwe nao," bila kumtaja wala kumkazia macho.

Huzuni yenye turubai na isiyo na turubai

Kwenye msiba kwa kweli tunajitahidi. Taarifa ikifika tu turubai linafungwa, viti vinakuja, kina mama wapo jikoni, rozari kila jioni, wengine wanalala hapohapo mpaka mazishi. Tatizo linaanza turubai likishafunguliwa. Wiki ya tatu mjane yuko peke yake na chumba kile, ndugu wa mkoani wamerudi, na simu imenyamaza. Dawa ni zamu. Siku ileile ya kumaliza matanga katibu aandike majina, huyu aende Jumanne, huyu Ijumaa, wiki ijayo wengine, kwa miezi miwili mitatu. Kila anayeenda asiende kutoa mahubiri, aende na mboga zake za majani wazichambue pamoja, maneno yatakuja yenyewe.

Halafu kuna huzuni ambazo hazina turubai. Mimba imetoka. Kijana kaachishwa kazi. Mtoto yupo kwenye unga. Ndoa inavunjika kimyakimya. Mama anaugua akili na watu wanasema ni mapepo. Hawa hawatangaziwi rambirambi na wengi wanaumia zaidi kwa sababu hamna aliyekuja na kanga kiunoni kukaa nao. Ukisikia, nenda. Hata kama hamjazoeana.

Useme nini? "Pole sana, nimesikia, nimekuja kukaa na wewe." Basi. Usimwambie "kazi ya Mungu haina makosa", hayo maneno mfiwa akiyasema mwenyewe ni imani yake, ukiyasema wewe uliyekula vizuri na watoto wako wapo yanakuwa jiwe. Usimwambie aliyepoteza mimba "utapata mwingine". Usiulize alikufaje mpaka akuambie. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno na hapo walikuwa rafiki wazuri kabisa, makosa yakaanza walipofungua midomo wamweleze kwa nini yamempata.

Kumtembelea mgonjwa piga simu kwanza. Nendeni wawili au watatu, si jumuiya nzima kujaa kwenye chumba chenye kitanda na jiko, mgonjwa akajikaza kukaa na mwenye nyumba akahangaika kutafuta soda. Kaeni chini, msisimame juu yake. Muulizeni "tukuombee nini?" kabla ya kuomba, maana mnaweza mkaomba dakika ishirini apone mguu kumbe kinachomnyima usingizi ni ada ya mtoto. Zaburi ya 23, ombi fupi, Baba Yetu, inatosha. Mmoja aoshe vyombo au achote maji kabla ya kuondoka. Na muulizeni kama angependa padre aje kumpa Mpako wa Wagonjwa, wengi wanaogopa wanadhani padre akija ndo kwaheri, waelezeni taratibu kwamba tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano Kanisa linasisitiza si sakramenti ya wanaokata roho tu, ni ya mgonjwa yeyote ambaye hali yake imekuwa nzito, na mzee aliyedhoofika pia.

Lingine nalisema kwa uchungu: hamna mwanajumuiya mwenye ruhusa ya kumwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa. Za presha, za sukari, ARV, zinaendelea. Na mwanamke akisema anapigwa nyumbani jibu haliwezi kuwa "tukuombee uvumilie" peke yake, mfikishe kwa padre au katekista unayemwamini na msindikize dawati la jinsia polisi kama yuko tayari kwenda, na usiku huo ajue nyumba gani atagonga akikimbia.

Ombi lipewe mtu

Hapa ndo penyewe. Jumuiya inunue daftari la kawaida, katibu achore mistari: tarehe, jina, ombi kwa maneno machache, nani anafuatilia, kilichotokea. Hiyo ya nne ndo roho ya daftari. Mzee akisema "naomba mniombee, naenda kupimwa macho Alhamisi", kabla hamjaomba mwenyekiti aulize nani atampigia Alhamisi jioni. Mtu anyooshe mkono, jina liandikwe, ndo muombe. Mkutano ujao mnaanza na daftari, Alhamisi ilikuwaje? Mara nyingine ni vigelegele, mara nyingine ni ombi lilelile tena na tena, kijana bado anakunywa, na mtalirudia bila kuchoka wala kumuuliza mama yake kama amekosea wapi.

Maombi yenyewe yawe mafupi na yataje jambo. "Ee Bwana, tunamleta mama huyu, mwanae anafanya mtihani wa kidato cha nne Jumatatu, mpe utulivu na umpe mama usingizi. Ee Bwana." Wote, "Twakuomba utusikie." Ukizunguka dunia nzima, viongozi wa nchi, walio safarini, walio magerezani, yule mama anabaki anajiuliza kama ulimsikia. Mwenye aibu ya kuomba kwa sauti asilazimishwe, mpe kuwasha mshumaa au kusoma zaburi.

Kama mtu anasema "nina nia yangu moyoni" msimchimbe. Andika "nia ya moyoni", na anayefuatilia atampigia tu kumjulia hali.

Siri, na grupu la wasap

Ukiambiwa jambo pembeni uliza palepale, "hili nilibebe mwenyewe au tulipeleke jumuiya?" Akisema libebe, libebe, hata mumeo asijue. Umbea mwingi unavaa kanzu ya maombi, "jamani tumwombee fulani, mnajua binti yake...", akianza hivyo mkatishe, mwambie tumwombee bila hadithi. Dhambi zake mtu azipeleke kitubio, jumuiya sio mahali pa kuungamisha watu.

Kwenye grupu usitume picha ya mgonjwa yuko na dripu, usitangaze kifo kabla familia haijatangaza, mtoto anaweza kuujua msiba wa baba yake akiwa kwenye daladala. Admini asitume orodha ya waliotoa rambirambi na waliotoa kidogo, mjane anayeuza mihogo akitoa mia tano anaaibika bure, ipelekwe jumla moja kwa jina la jumuiya. Na emoji ya mikono pamoja na "Amina" sio kumfariji mtu, ukishaandika hiyo Amina piga simu.

Uongozi ukibadilika katibu wa zamani akae na mpya wapitie daftari jina kwa jina, lisiachwe juu ya kabati. Likijaa, kila ambaye sehemu yake ya mwisho bado iko tupu ahamishiwe kwenye daftari jipya na apewe mtu wa kumfuatilia, halafu la zamani lichomwe moto, maana tunajua daftari kuukuu zinaishia wapi mtaani kwetu, kesho yake utakuta matatizo ya watu yamefungiwa karanga.